Waya Kumi na Tisa

Walimkamata Kiprugut arap Sang Ijumaa asubuhi, jua likiwa limeshapanda juu ya msitu wa Mau, na waya kumi na tisa za mitego zikining'inia begani mwake. Hakukimbia. Hakuona sababu ya kukimbia, kwa maana kati ya watu wanne waliotokea kwenye njia ya Ng'enda mmoja alikuwa Wasike, askari wa msitu, na waya zile alikuwa anampelekea Wasike huyo huyo.

"Leo ni kumi na tisa, Bwana Wasike," alisema, akazishusha chini mbele yake. "Moja ilikuwa bado na damu."

Nyuma ya Wasike alisimama Mzungu mrefu, mkuu wa wanyama wa porini ambaye watu walimwita Bwana Nyama, pamoja na askari wawili wenye bunduki. Bwana Nyama aliinama, akaokota waya moja, akatazama nywele nyekundu zilizonasa kwenye kitanzi.

"Wasike, unamjua mtu huyu?"

Wasike alitazama zile waya, kisha viatu vya Mzungu. Uso wa Kiprugut hakuutazama.

"Namwona-mwona tu, bwana."

Kiprugut alicheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa na rafiki. Aliendelea kutabasamu hata walipomshika mikono. Pingu zilipofungwa ndipo tabasamu lilipomtoka, na hata hapo alimgeukia Wasike, si yule Mzungu.

"Mwambie, bwana. Mwambie basi."

Wasike alikuwa ameshaanza kuzikunja zile waya, moja moja, kwa uangalifu mkubwa, kama kazi iliyohitaji akili yake yote.

Ng'enda ni bonde dogo ndani ya msitu, juu ya Elburgon, penye udongo wa kijivu wenye chumvi. Wanyama hufika hapo kulamba: paa, nguruwe wa msituni, na yule swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe ubavuni ambaye Wazungu humwita bongo. Mtu anaweza kuzaliwa Mau na kuzeekea Mau bila kumwona zaidi ya mara mbili tatu. Tangu zamani wenyeji walikuwa na mwiko mmoja tu kuhusu mahali pale: mnyama hauawi ulimi wake ukiwa kwenye chumvi. Kisha kikaja kiwanda cha kupasua mbao, na vibarua wengi waliolipwa kidogo, na kamba za chuma za kuvutia magogo. Kamba ilipochakaa, vibarua waliifumua, na kila uzi wake ukawa mtego. Kufikia mwaka 1954 hukuweza kupita Ng'enda bila kukanyaga mfupa.

Nyumba sita zilikuwa na kibali cha kuishi ukingoni mwa msitu ule. Zilikutana kwa Micah, mwalimu wa kanisa, zikakubaliana kwamba kila Jumatatu na kila Ijumaa mwanamume mmoja azunguke bondeni, ategue mitego yote, na waya apewe Wasike. Wasike mwenyewe ndiye aliyeomba jambo hilo lifanywe kimya. Kutafuta mitego ilikuwa kazi yake, na kila mwezi alikuwa akimwambia mkubwa wake kwamba hakuna mtego hata mmoja.

Ijumaa ile ilikuwa zamu ya Kiprugut.

*

Chelangat, mkewe, alipata habari akiwa anapalilia viazi. Aliweka jembe chini, akamwambia mama mkwe wake, mwanamke mzee ambaye macho yake yalikuwa yameanza kupofuka, amwangalie mtoto wao Cheptoo. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Micah, miguu ikiwa bado na udongo.

Alikuta wanaume wanne wameshafika. Walikuwa wamesimama nyuma ya nyumba, hawakukaa.

"Vizuri mko hapa," alisema. "Kesi ni Jumatano, Nakuru. Mkienda wote mkasema mlimtuma, watamwachilia. Hata wawili wakienda, inatosha."

Micah alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa na uzi upande mmoja. Aliivua, akaifuta.

"Mama Cheptoo, tutasema tulimtuma namna gani?"

"Mtasema ukweli. Mlikaa hapa, mkapanga zamu."

"Tulikaa watu wangapi?"

Chelangat hakuelewa swali.

"Tulikaa watu kumi na wawili," Micah akasema kwa sauti ya chini. "Bila kibali. Siku hizi za Hali ya Hatari mkutano bila kibali ni mkutano wa nini? Watauliza. Watauliza mlikula nini, mliapa nini, kama wale wanaopigana na serikali msituni. Wewe mwenyewe uliona kwa Kang'ethe."

Kila mtu aliona kwa Kang'ethe. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijito, mlango wazi, kunde zimepanda mpaka darini. Lori lilikuja asubuhi moja likamchukua yeye na mke na watoto na bibi yao, kwa sababu walikuwa Wakikuyu, na kuku wao walizurura wiki nzima mpaka wakaisha.

"Lakini ninyi si kama Kang'ethe," Chelangat alisema. "Ninyi mlikuwa mnalinda wanyama. Wanyama wa serikali!"

"Nani aliyetuambia tulinde?" mmoja wa wanaume aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Chelangat aliwatazama mmoja mmoja. Hawa ndio waliokula ugali wa mkono wake wakati mizinga ya nyuki ilipokuwa ikivunwa. Alipiga magoti mbele ya Micah, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote, na Micah akaruka nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Usifanye hivyo, mama. Tafadhali. Inuka. Tutamwombea. Tutakesha tukimwombea."

"Kukesha kwenu pia ni mkutano," Chelangat alisema, akainuka mwenyewe.

*

Siku iliyofuata alikwenda kwa Wasike. Wasike alikaa kwenye nyumba za mabati za askari wa msitu, chini kidogo ya kituo chao. Mkewe Wasike alimkuta mlangoni, akamtazama miguu mpaka kichwa.

"Ungoje hapo nje. Nimepangusa sakafu."

Akangoja. Mke wa jirani alitoka kumtazama, akarudi ndani, akatoka tena na mwenzake. Jua lilikuwa kali. Ndani alisikia vijiko na sauti ya mtu anayekunywa chai bila haraka, au asiyejua atoke vipi. Mwishowe Wasike alitoka amevaa fulana, bila ile kofia yake, na bila kofia alionekana mdogo.

"Bwana Wasike," Chelangat alisema, "sikuja kugombana. Wewe unajua. Toka masika umepokea waya kutoka mikononi mwa mzee wangu. Umekunywa maziwa kwangu."

"Najua, mama."

"Basi utasema?"

Wasike alitazama nyuma, akauvuta mlango ukafungika.

"Nikisema nilikuwa napokea waya, wataniuliza mbona sikuziandika. Nikisema sikuziandika, hapo kazi yangu imekwisha. Nina watoto watano. Nyumba hii si yangu, shati si langu, hata hii ardhi ninayosimama si yangu. Kwetu ni mbali, na huko hakuna kitu." Alisugua uso kwa viganja vyote viwili. "Nitasema nilimkuta na waya. Sitasema kitu kingine. Sitaongeza uongo. Hiyo naweza kukuahidi."

"Hiyo inamsaidia nini?"

Wasike aliingia ndani, akatoka na nusu gunia la mahindi, akaliweka miguuni pa Chelangat kwa namna ya mtu anayefukia kitu.

Chelangat aliligeuzia mgongo. Alitembea hatua thelathini hivi, akifikiria neno ambalo angemwambia, neno ambalo lingemkaa kooni maisha yake yote. Kisha akakumbuka kwamba debe la unga nyumbani lilikuwa limebaki vumbi, na Cheptoo alikuwa ameanza kuuliza kama leo ni viazi tena. Akarudi. Wasike alikuwa ameshaingia ndani, lakini mkewe alikuwa bado mlangoni, na ndiye aliyemsaidia kujitwika. Wanawake wale wawili hawakuangaliana.

*

Jumatano Chelangat alifika Nakuru kwa gari moshi, daraja la tatu. Mahakamani alielekezwa benchi la nyuma. Kesi zilikuwa nyingi, na karani aliyekuwa akitafsiri, kijana mwenye tai aliyetoka mbali na sehemu hizi, alikuwa na haraka. Hakimu Mzungu alikuwa akiandika muda wote bila kuinua kichwa.

Wasike alisimama, akasema alimkuta mshtakiwa njiani na waya kumi na tisa, waya moja ilikuwa na damu. Hakuongeza neno. Alitimiza ahadi yake.

"Mshtakiwa anasema nini?"

Kiprugut alikuwa amekonda kwa siku tano tu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani, alichojifunza kwa kuamrishwa, na alikitoa polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mimi nategua mitego, bwana."

"Anasema alitega mitego," karani akarudia kwa Kiswahili, kisha akamtafsiria hakimu.

Chelangat alisimama. "Amesema kutegua! Hakusema kutega!"

"Kaa chini, mama," polisi akamwambia.

"Si kutega," Kiprugut alisema, sasa akiwa na hofu. "Kutegua. Kutoa. Mimi natoa."

"Anasema alikuwa anatoa wanyama walionaswa."

Hakimu akaandika. Kisha, kwa mara ya kwanza, akainua kichwa, akauliza swali refu. Karani alimgeukia Kiprugut.

"Waya kumi na tisa si kazi ya mtu mmoja. Hakimu anauliza mko wangapi. Nani alikutuma? Ukitaja wenzako utahurumiwa."

Chelangat aliona mume wake akigeuka kutazama nyuma, benchi kwa benchi. Alijua anamtafuta nani: Micah, au yeyote wa zile nyumba tano. Alimwona akifika mwisho wa mabenchi na kumkuta yeye peke yake, na leso yake, na nafasi tupu pande zote mbili. Alitamani kupiga kelele, taja, wataje wote, Micah na miwani yake, wataje! Midomo yake ilishaanza kufunguka.

Kiprugut alirudisha uso mbele.

"Hakuna," alisema. "Niko peke yangu."

Miezi sita na kazi ngumu. Na kibali cha nyumba yake kukaa msituni kifutwe, waondoke katika siku kumi na nne. Karani aliyasema hayo kwa Kiswahili kizuri sana, kila neno mahali pake, bila kukosea hata kidogo.

*

Siku ya mwisho, kabla ya kuondoka, Chelangat alikwenda kuteremsha asali kwenye mzinga wa mume wake. Zamu zilikuwa zimekwisha. Hakuna aliyetangaza, lakini Jumatatu ilifika na hakuna aliyekwenda bondeni, kisha Ijumaa ikapita hivyo hivyo.

Alikuwa bado chini ya mti aliposikia sauti. Haikuwa kilio. Ilikuwa pumzi, nzito, ya kukwaruza, kama msumeno kwenye mti mbichi. Aliifuata mpaka ukingo wa Ng'enda.

Alikuwa bongo jike. Waya ilikuwa imemshika shingoni na kupita chini ya mguu mmoja wa mbele, hivyo haikumuua upesi. Alikuwa amezunguka kigingi kilichofungiwa waya mpaka ardhi ikawa matope. Mistari yake myeupe ilionekana wazi kabisa, kama iliyochorwa asubuhi ile. Alipomwona mtu aliacha kuvuta, akasimama akitetemeka, macho yake makubwa yamemkazia, ulimi nje, ukiwa bado na udongo wa chumvi.

Chelangat alikuwa na panga mkononi. Kigingi kilikuwa cha mti laini. Mapigo matatu, manne, yangetosha. Alipiga hatua, akanyoosha mkono kuishika ile waya, na mkono ukasimama hewani.

Akaona mkono wa mume wake. Akaona pingu. Akaona Cheptoo na bibi yake asiyeona vizuri wamekaa juu ya mizigo yao kando ya njia, wakingoja mtu ambaye hatarudi.

"Siwezi," alimwambia yule mnyama kwa sauti. "Unaona? Mimi siwezi kushika."

Kwa mbali, upande wa barabara ya magogo, watu walikuwa wakipiga mbinja. Pengine wenye mtego, pengine askari. Yote yalikuwa mamoja. Chelangat alirudi kinyumenyume mpaka majani yakafunga mbele yake, na hata baada ya hapo aliendelea kuisikia ile pumzi. Alipokuwa njiani kurudi nyumbani aligundua kwamba ameacha asali chini ya mti. Hakurudi kuichukua.

Nyumbani alimkuta Micah amekuja kusaidia kubeba mizigo. Alikuwa ameshafunga masufuria kwa kamba na kukunja ngozi za kulalia, na alifanya kazi bila kupumzika, jasho likimtiririka chini ya miwani.

"Kuna nini huko?" bibi aliuliza, akigeuza sikio upande wa msitu. "Nimesikia kitu."

"Hakuna kitu, mama," Chelangat akasema.

Micah alimtazama. Yeye pia alikuwa amesikia. Akainama akaongeza fundo kwenye kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa.

*

Chelangat alipata kazi kwenye shamba la mahindi upande wa Rongai. Walipewa kibanda cha udongo mwisho wa safu ya vibanda. Huko hakukuwa na mti mkubwa hata mmoja. Upepo ulivuma kutoka upande mmoja na kutokea upande mwingine, ukibeba vumbi. Bibi alikaa mlangoni kila siku akiuliza mbona hasikii ndege. Mwezi wa tatu wa kukaa huko aliacha kuuliza, na mwezi wa nne wakamzika kwenye kipande cha ardhi ambacho nyapara alisema kingelimwa msimu ujao.

Kiprugut alitoka jela miezi sita ilipokwisha. Alikuja kwa miguu kutoka Nakuru. Alipoambiwa habari za mama yake aliuliza tu alizikwa akiangalia wapi, na Chelangat akamwambia Mau. Hilo lilikuwa kweli.

Hakueleza ya jela, na mkewe hakumwuliza ya mahakamani. Mara moja tu, wakiwa wanakula, Chelangat alisema, "Ungewataja."

"Ningewataja, ingekuwaje?"

"Tungekuwa wengi."

Kiprugut alifikiri. "Ndiyo," alisema. "Ndani tungekuwa wengi."

Alitafuta kazi mashamba yote ya karibu. Nyapara mmoja alifungua kipande chake, kile kitambulisho cha kazi, akaona kilichoandikwa, akakifunga. Kwingine hata hawakukifungua. Jioni moja mmoja wa vibarua alimwambia kwamba kiwanda cha mbao huko Elburgon kinachukua watu na hakiulizi mtu ametoka wapi. Kiprugut alikaa siku nne bila kwenda. Siku ya tano aliomba afuliwe shati.

Alirudi mwisho wa mwezi, mikono imechubuka, nywele zimejaa unga wa mbao. Alikuwa amebeba sukari, na kitambaa cha gauni kwa Cheptoo. Mtoto alikipima mwilini, akacheka, akatoka kwenda kuwaonyesha wenzake. Kiprugut alikaa kwenye kigoda, akavua viatu.

"Wamekuweka kazi gani?" Chelangat aliuliza.

"Shoka. Kuangusha."

"Upande gani?"

Alijisugua nyayo kwa muda mrefu.

"Kwa Micah hakuna mtu tena. Wamefutiwa kibali wote. Wasike ameongezwa tepe, amepelekwa Molo." Akasogeza viatu kando. "Wamekata barabara mpya ya lori. Imeshuka mpaka Ng'enda, ikapita katikati. Ule udongo wameujaza mawe."

Chelangat alikuwa akimimina chai. Alisimamisha mkono.

"Na wanyama? Umeona mnyama gani?"

Huyu alikuwa mtu ambaye zamani, akitoka msituni, hakuweza kukaa chini kabla ya kueleza amekuta nyayo za nani, ngapi, zilizoelekea wapi. Ambaye angemwamsha mkewe kumwambia paa fulani amezaa. Sasa alichukua kikombe kutoka mkononi mwa mkewe, akapuliza mvuke, akanywa.

"Sikuangalia," alisema.